Mshenga wa Jivu

Kyimo mvua haina msimu, ina zamu:
asubuhi manyunyu, mchana ukungu,
usiku inarudi kudai ilichosahau.
Ndizi zetu hatuzihesabu kwa chane, twazihesabu kwa lori.
Lori hubeba mkungu, huuacha mgomba
umelala chali shambani, unatokwa na maji
kama mzazi aliyesahauliwa wodini.

Husemwa mgomba haushindwi na mkunguwe.
Kweli. Hushindwa na panga la kesho yake.

Kaka yangu Ambakisye alirudi kutoka Iyunga
na jeki ya lori bovu, pipa, na deni.
Akasema: Tupokigwe, nikusanyie vifuniko,
ndoo zilizopasuka, viti vya baa vilivyokatika miguu,
vya gulioni, vya mto Kiwira, vya popote.
Mimi nitayeyusha. Wewe niletee nyuzi.

Nikaparua magogo kwa ubapa wa kisu,
gamba baada ya gamba,
utomvu ukaniganda kucha zikawa nyeusi
hata kanisani nikakunja ngumi.
Nyuzi zikatoka ndefu, rangi ya ndevu za mahindi.
Tukazikata, tukazichanganya na ule uji wa plastiki,
tukazifinya kwenye kalibu kwa jeki.

Kigoda cha kwanza tulimkalisha Mchungaji Kasyupa.
Alikuwa katikati ya baraka
kigoda kilipomkataa.

Wageni walipoondoka tukachungulia mpasuko.
Matundu kama ya mkate.
Nyuzi zimechomoka safi, hazina hata doa la plastiki,
kama vidole vilivyovua glavu.

Ni maji, alisema Ambakisye. Halafu hawapendani.
Plastiki haitaki maji hata kwa kuonyeshwa,
na uzi wa mgomba ni maji yaliyosimama wima.
Tumewafungia chumba kimoja
hatukutuma hata mshenga.

Akalala na hasira. Mimi nikaosha vyombo.
Na hapo, mkono ndani ya sufuria ya kitimoto,
nikakumbuka kitu ambacho mkono ulikuwa unakijua siku zote:
mafuta hayamwogopi maji. Humwogopa jivu.

Nikachoma maganda ya ndizi, ya ndizi zilezile,
nikachuja maji ya jivu lake kwenye chungu kilichotoboka,
nikalaza nyuzi humo hadi jogoo.
Zikatoa povu la kahawia, zikatoa unafiki wote.
Asubuhi zilikwaruza kama ulimi wa paka.

Kukauka sasa. Kukauka, Kyimo!
Nilizitundika darini juu ya mafiga wiki mbili.
Wanangu walikwenda shule
wakinuka kama samaki wa Matema,
mwalimu akaniandikia barua.
Sikuijibu. Niliwashia moto.

Kigoda cha pili hatukumwita mchungaji.
Tulikipandisha gunia la viazi,
la pili juu yake,
kisha Ambakisye mwenyewe na deni lake.
Kikanyamaza.
Tukasubiri kiseme neno, mvua ikasema yote,
kigoda kikanyamaza.

Sasa tuna vigoda kumi na tisa na meza moja iliyopinda.
Watu wananisifu kwamba nimesafisha mto.
Mto haujasafika; ukipita darajani utaona.
Nami kuna jambo sijalijua bado:
plastiki haijui kufa,
mgomba haujui kingine,
je, siku ya kuachana, nani atamzika mwenzake?
Kipande kimoja nimekifukia nyuma ya choo.
Kila Jumamosi nakifukua, nakikung'uta udongo,
nakitazama, nakirudisha.

Jana mwenye lori alisimama kwenye uzio,
viatu mkononi, tope hadi magotini.
Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujua,
gogo tupu siku hizi ni shilingi ngapi.

Nikafuta kigoda kwa upindo wa kanga.
Karibu, nikamwambia.
Kaa kwanza.